Stika Haikimbizwi, Mdogo Wangu

Mdogo wangu, najua leo umenuna. Hiace yako imekaa juu ya kabati. Umeikata mwenyewe, madirisha yamelingana, magurudumu yanazunguka, rangi nyeupe imetulia. Kisha ukaweka stika za ubavuni, na kazi ya siku nyingi ikachafuka jioni moja. Jina BUNGOMA limepinda, kingo za stika zinaonekana hata kutoka mlangoni, na chini ya maandishi kuna madoa yanayometameta ukiligeuza gari kwenye mwanga. Wenzako wakakuuliza ni mtoto gani wa nasari aliyekusaidia. Uliumia, na una haki ya kuumia. Lakini usilitupe gari hilo. Nimeyaona mengi ya namna hiyo, na machache sana yaliharibiwa na mikono mizito. Mengine yote yaliharibiwa na haraka.

Tuanze pale wengi wenu mnapopachanganya. Stika ya gari dogo la namna hii si ile ya kubandua na kubandika inayowekwa kwenye tangi la bodaboda. Hii ni stika ya kuloweka majini. Chini kabisa kuna karatasi, juu yake gundi inayoyeyuka kwa maji, juu ya gundi utando mwembamba angavu, na wino unakaa juu ya utando. Ukiilowesha, gundi inalegea, utando unateleza ukiwa umebeba maandishi, unahamia kwenye gari. Ukilishika hilo utaelewa kwa nini nitakusumbua mpaka mwisho kuhusu kukausha. Kila tabaka lina wakati wake, na ukiliharakisha la chini, la juu litakuaibisha mbele za watu.

Halafu kuna hili la macho kutamani ya mbali. Unafungua simu, unaona nganya za Nairobi, zile matatu za mapambo, zilizotengenezwa kwa vipimo vidogo, zimejaa picha za wanamuziki na wachezaji mpira kutoka mbele hadi nyuma, na moyo unakwambia ya kwako ni bure kabisa. Mdogo wangu, tulia. Wewe umekulia Mabanga. Matatu unayoijua hadi mikwaruzo yake ni ile Hiace nyeupe inayopanda kwenda Kitale kupitia Kimilili na Kamukuywa, mstari wa manjano ubavuni, jina la njia likiwa juu ya mstari. Mstari huo haukuja wenyewe. Kanuni za Waziri John Michuki, zilizochapishwa mwaka 2003 na kuanza kutekelezwa Februari 2004, ndizo zilizoufanya kuwa lazima, pamoja na mikanda ya viti na vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa. Ukiuweka mahali pake, ukaandika njia na abiria 14, ukabandika na kile kiduara cha 80 nyuma, mtu wa Kiminini atalitambua gari la kwao kabla hujafungua mdomo. Kwangu hiyo inazidi nganya kumi za kuigiza. Na ipo sababu ya kiufundi pia: mwili mweupe ni rafiki wa anayejifunza, mwili mweusi si rafiki wa mtu. Nitakueleza tukifika kwenye rangi.

Kabla ya yote pima, usikisie. Nenda stendi gari likiwa limeegeshwa linasubiri zamu, msalimu dereva kwanza, shida yako ije baadaye, kisha umwombe kupima kwa tepu. Hiace ya abiria 14 ina urefu wa karibu mita 4.7, ukigawa kwa 24, maana gari lako ni la kipimo cha moja kwa 24, unapata kama sentimita 19 na nusu. Ukikuta mstari wa manjano una upana wa sentimita 15, kwako unakuwa milimita 6 na robo. Herufi ya sentimita 10 inakuwa milimita 4 na kidogo. Lakini yale maandishi madogo ya mlangoni, yenye kimo cha sentimita 2, yanashuka chini ya milimita moja, na hapo ndipo watu hulia. Printa ya nukta 600 kwa inchi itayatoa kwa shida; ya nukta 300 itakutolea uchafu. Yakuze kidogo, au yaache kabisa. Mtazamaji hataona kilichokosekana, ila uchafu atauona mara moja.

Na kama gari lako halifuati kipimo sawasawa, kwa kuwa wengi wenu mnakata kwa macho, na hilo si dhambi, basi sahau hesabu za stendi na upime gari lako lenyewe. Chora stika iingie pale. Kwenye kompyuta tumia Inkscape, ni programu ya bure, na kwa kuwa huchora kwa mistari badala ya nukta, herufi hazichakai ukizipunguza. Picha uliyotumiwa kwa WhatsApp ikikuzwa itakuwa na ukungu, usiitegemee. Ukimaliza, chapa kwanza kwenye karatasi ya kawaida, kata, shikiza kwa selotepu, rudi nyuma hatua tatu utazame. Hapo ndipo utaona kwamba neno KITALE linaingia ndani ya kitasa cha mlango. Afadhali ulione sasa.

Haya, twende saiba, na hapa nisikilize kwa masikio yote mawili. Karatasi za stika ni za aina mbili: ya printa ya wino na ya printa ya leza. Hazibadilishani. Printa ya leza hugandisha unga wa rangi kwa joto linalokaribia nyuzi 200, na ukiingiza humo karatasi iliyotengenezewa wino, utando unaweza kuyeyuka na kung'ang'ania ndani ya mashine. Sasa ile mashine si yako. Yule dada wa saiba analipia kodi ya chumba kwa mashine ile, anasomesha mtoto kwa mashine ile, na amekuwa akikuachia shilingi mbili tatu kila ukipungukiwa. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, lakini huu utamdunga yeye. Mwonyeshe pakiti kabla ya kuingiza chochote, mwache asome mwenyewe, na akikataa usinune. Akikubali, mwombe achape kwa asilimia 100 bila kuruhusu kompyuta ipunguze ukurasa, kwa ubora wa juu kabisa. Pia usipeleke ukurasa wenye stika moja katikati. Karatasi hiyo ni ghali na haipatikani kila duka; ijaze, weka nakala mbili au tatu za kila kitu, kwa sababu moja lazima itakunjika na utaihitaji ya pili.

Rangi sasa. Printa ya kawaida haina wino mweupe. Pale penye weupe kwenye mchoro wako, inaacha wazi tu, na kwenye utando angavu pakiachwa wazi utaona rangi ya gari. Zaidi ya hapo, wino wenyewe ni mwembamba, unapitisha kilicho chini yake. Ndiyo maana ule mstari wa manjano ulioubandika juu ya mwili wa buluu wa gari lako jingine ulipotea, ukabaki kijani chafu. Ulidhani umeuziwa karatasi mbovu, ukamlaumu muuzaji wa watu. Nenda ukamwombe msamaha. Kwa mwili wa rangi nzito unahitaji karatasi ya stika yenye utando mweupe, ukate kwa wembe ukifuata ukingo wa mchoro bila kuacha weupe nje. Au upake kwanza eneo jeupe kwenye gari, kisha stika angavu iketi juu yake. Mimi kwa ule mstari napenda njia nyingine: usiuchape kabisa. Kinga kwa tepu ya kupakia rangi, pulizia manjano, toa tepu, acha ikauke. Kisha maandishi meusi peke yake ndiyo yawe stika juu ya manjano. Yanatoka safi, na mstari unaungana kutoka ubavuni hadi nyuma bila kiungo.

Wale mnaopenda magari ya mashindano ya Safari Rally, hili linawahusu kuliko mtu yeyote. Mashindano hayo yalianza mwaka 1953 na yametuachia magari mazuri mno ya kuigiza: Volvo PV544 ya Joginder Singh ya 1965, Peugeot 504 zilizoshinda 1975 na 1978, Datsun za Shekhar Mehta aliyeshinda mara tano. Watu wa huku wana upendo maalumu na ile 504, maana ya wagoni ilibeba wazazi wetu safari ndefu kabla Hiace hazijajaa. Lakini tazama Datsun 240Z ya Edgar Herrmann iliyoshinda 1971: mwili mwekundu, boneti nyeusi, namba 11 ubavuni. Neno lolote jeupe unalotaka juu ya wekundu ule linakurudisha kwenye somo la utando mweupe. Anza na nyeupe, mpenzi. Nyekundu itakungoja.

Ukishachapa kwa printa ya wino, usikimbilie maji. Wino ule huyeyuka, na hapo ndipo machozi mengi hutoka: mtu anatumbukiza stika nzuri bakulini, na maji yanageuka zambarau. Acha karatasi ikauke saa kadhaa, kisha pulizia vanishi angavu ya kopo, mikono miwili au mitatu myembamba, kila mmoja ukauke kabla ya mwingine. Myembamba maana yake nyunyizia kama unavyonyunyizia nguo maji kabla ya kupiga pasi. Ukiimwaga, inachuruzika na kubeba wino. Stika ya leza haiyeyuki hivyo, ila mkono mmoja mwepesi huizuia isipasuke.

Na hili nalisema kwa ukali kwa sababu nakupenda. Usipulizie kopo jikoni. Gesi ya kopo na mvuke wa rangi hushika moto, na jiko la mkaa linalotokota maharagwe halijali kwamba wewe ni msanii. Toka nje, mbali na moto, upande upepo unakotoka ili usiivute. Ila nje nako kuna mvua. Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, Bungoma karibu mita 1,400, na masika yakianza, mchana ukipita mawingu yanajikusanya. Vanishi ikipulizwa hewa ikiwa na unyevu mwingi hubadilika, inakuwa na ukungu mweupe ndani yake. Fanya kazi hiyo kabla ya adhuhuri, jua likiwa limekausha umande, na upepo wa vumbi la barabarani haujaamka. Ukiona wingu juu ya Mlima Elgon, weka kopo chini. Utafanya kesho.

Nimekwambia kuhusu yale madoa ya kumeta. Yanatoka hapa: rangi isiyong'aa ina uso wa mashimo madogo madogo, na stika ikilala juu yake hewa inabaki ndani ya mashimo. Hewa ile ndiyo inayomulika. Dawa yake ni ya kabla, si ya baada. Pulizia vanishi ya kung'aa juu ya rangi, acha ikauke vizuri, usiku mzima angalau, hata kama juu inaonekana kavu. Ukitaka gari lising'ae, utapulizia vanishi ya kufifisha mwisho kabisa. Kisha osha gari kwa maji na sabuni kidogo, maana vidole vina mafuta, hasa ukiwa umetoka kula mandazi. Usiniambie umenawa. Osha gari.

Siku ya kubandika, jipe muda. Zima simu, mpe mtoto mwingine kazi ya kuchunga kuku. Weka maji ya vuguvugu kwenye kisahani, brashi laini, kibano kidogo, kitambaa safi kisichoacha nyuzi. Kata stika karibu na mchoro iwezekanavyo, maana utando unaozidi ndio ule ukingo unaoonekana kutoka mlangoni. Itumbukize kwa sekunde 15 hadi 30 tu, itoe, iweke juu ya kisahani, ungoje kama dakika moja. Usiibandue kwa kucha. Iguse kwa brashi: ikiteleza yenyewe, tayari; ikigoma, ngoja. Ukiisukuma kabla haijalegea inajikunja, na utando uliojikunja juu ya nafsi yake haufunguki kwa hasira. Lowanisha sehemu ya gari kwanza, isogeze karatasi mpaka pale, kisha itelezeshe stika kutoka kwenye karatasi kwenda kwenye gari. Ikiwa bado inaogelea, una nafasi ya kuinyoosha. Ukiridhika, kausha maji kwa ncha ya kitambaa ukianzia katikati kuelekea pembeni, polepole, ili hewa itoke. Upande mmoja ukauke kabla ya kugeuza wa pili. Ulivyotaka kumaliza pande zote usiku ule ule ndivyo kidole chako kilivyolikokota neno KIMILILI likaingia kwenye gurudumu.

Pale penye mikunjo ya mwili, kwenye kitasa na mifereji ya mlango, stika hukataa kulala. Kuna dawa za kuilainisha, kama Micro Set na Micro Sol za kampuni ya Microscale. Ya kwanza huipa uso mshiko, ya pili hulegeza utando mpaka ushike umbo la chini. Ukikosa ya kwanza, siki nyeupe iliyochanganywa na maji husaidia kidogo. Ijaribu kwanza kwenye kijiko cha plastiki ulichokipaka rangi ile ile. Sasa nikuonye kuhusu ya pili: ukiipaka, stika itakunjamana, utafikiri imekufa. Moyo utaruka. Mkono utataka kuinyoosha. Usiiguse! Imelegea kuliko uji wa mgonjwa, ukiigusa inachanika. Ukiiacha, inajinyoosha ikikauka. Kaa mbali nayo, nenda ukachote maji kisimani.

Asubuhi ukikuta bado kuna kipovu cha hewa, kitoboe kwa ncha ya sindano, weka tone la dawa, kandamiza kwa pamba mbichi. Mabaki ya gundi yaondoe kwa pamba yenye maji, kwa sababu yakibaki yatageuka manjano chini ya vanishi. Na ukiona kosa kubwa, herufi imepinda, usilifunike kwa vanishi ukitumaini litapotea. Vanishi hulifungia humo milele. Kama bado hujapulizia, weka selotepu juu ya stika, ing'oe, tumia ile nakala ya pili niliyokwambia uichape. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Najua wapo mnaosema, dada, hizo karatasi hata Eldoret sijaziona. Msikate tamaa. Chukua maandishi yaliyochapwa kwa leza au kutolewa fotokopi, bandika juu yake selotepu pana angavu, kandamiza vizuri kwa mgongo wa kijiko, loweka majini, kisha sugua karatasi kwa kidole itoke kidogo kidogo. Unga mweusi unabaki kwenye selotepu, na ikikauka inarudi kushika. Kwa maandishi meusi juu ya mwili mweupe inapendeza kabisa. Ya wino haikubali, itafutika. Mafundi wa stika za matatu pale mjini nao hutupa vipande vya vinili kila jioni, waombe. Ila elewa kwamba vinili ya unene wa sehemu moja ya kumi ya milimita, ukiizidisha kwa 24, ni sawa na kibao cha milimita 2.4 kwenye gari kubwa. Inafaa kwa mistari na vioo vyeusi, kwa herufi ndogo itaonekana nene. Mchagua jembe si mkulima, lakini lijue jembe lako.

Mwisho, hili la kuuza. Siku moja makanga ataliona gari lako, atasema nitengenezee la kwangu, na jina langu kwenye kioo cha nyuma, nalitaka Jumamosi. Utafurahi, utahesabu pesa kabla hazijafika, na utasema ndiyo. Kisha utapulizia vanishi Ijumaa usiku, utalifunga kwenye gazeti asubuhi likiwa bado laini, na habari za michezo zitabaki zimechapika ubavuni. Atakudai pesa zake stendi, mbele ya abiria. Vanishi ya mwisho inataka siku mbili au tatu kabla ya kuguswa kwa nguvu, na siku za mvua zaidi. Kwa hiyo hesabu ukirudi nyuma: siku za vanishi ya mwisho, siku ya upande wa pili, siku ya upande wa kwanza, usiku wa vanishi ya kung'aa, siku ya saiba, na siku moja ya ziada kwa ajili ya stima kupotea. Mwambie wiki ijayo, Jumatano. Mwandikie jina lake kwenye karatasi alisome mwenyewe kabla hujachapa, herufi kwa herufi, na umwombe nusu ya pesa ya karatasi na vanishi. Nyingine atakupa akiliona gari.